Mvua ya Gusii haipigi hodi
Juma hili, katika ofisi moja ya ghorofani mjini Kisii, nilimtazama kijana akiunganisha laptopu na swichi ya mtandao ya Cisco kwa ule waya bapa wa samawati. Humo hakuna picha za kubofya: ni skrini nyeusi, alama ya > inayogeuka # ukishapewa mamlaka, na amri za kuchapa mstari kwa mstari. Akagawa matundu ya waya, haya ya wahasibu, yale ya wageni, kisha akaagiza chai. Nawahusudu wanaochapa bila kuchungulia daftari. Lakini mvua ya Gusii haipigi hodi. Saa tisa ikashuka, stima ikapotea, na iliporudi swichi haikukumbuka tundu lolote. Mipangilio yote ilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda. Ile amri fupi, write memory, ya kuinakili kwenye kumbukumbu ya kudumu, hakuiandika. “Mzee, ni stima,” akaniambia. Stima gani? Kutoka Keroka hadi Nyamira, nani hajui kwamba hupotea? Kazi isiyohifadhiwa haijafanywa, na fundi hana haki ya kuilipisha. Mwenye ofisi naye anyamaze: UPS ya kushikilia stima ikipotea, iliyo chini ya meza yake, haina betri.