Uchungu Haungoji Ruhusa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu katika tumbo la mama yake hatua baada ya hatua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na wote waliofuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wengi wetu tumewahi kusikia tangazo baada ya swala ya Alfajiri kwamba mke wa ndugu yetu fulani amefariki usiku wakati wa kujifungua. Tunainua mikono kumwombea, tunakwenda kuzika, kisha tunatawanyika tukisema kuwa siku yake ilikuwa imefika. Ni kweli, hakuna nafsi inayokufa ila kwa idhini ya Mola wake. Lakini ni mara chache sana kumsikia mtu akiuliza: uchungu ulianza saa ngapi? Nani alikuwa naye chumbani? Na damu ilipoanza kutoka kwa wingi, alikuwa akingojwa nani ili atoe ruhusa ya kumpeleka hospitali?

Nchi yetu imepiga hatua katika jambo hili, na haki ni kulisema. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa uzazi 63 katika kila 100 ulifanyika katika vituo vya afya; ule wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa umefika 81. Kwa mujibu wa tafiti hizo hizo, makadirio ya vifo vya akina mama yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo inatuambia kuwa karibu uzazi mmoja katika kila mitano ulikuwa bado ukifanyika nje ya kituo. Wapo wanaoishi mbali na barabara, wapo wa visiwani wanaongoja maji yajae ndipo chombo kiondoke, wapo waliokimbia maneno makali waliyoyasikia wodini, na wapo wanaochelea sitara yao.

Ushauri wa wataalamu wa afya hapa nchini ni kuwa mwanamke ajifungulie katika kituo chenye wahudumu waliosomea kazi hiyo na vifaa vinavyotakiwa. Nasi tunauunga mkono ushauri huo. Lakini kuutaja na kunyamaza ni kumtupa yule mmoja katika watano. Kwa hiyo tunasema wazi: familia inayokusudia uzazi ufanyike nyumbani, au inayojua kuwa huenda ukawakutia nyumbani, ni wajibu wake kuupanga mapema pamoja na mkunga, na mtu wa kwanza kuulizwa juu ya maandalizi hayo ni mume.

Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), akizunguka usiku kuangalia hali za watu wake, alikuta hema la mgeni ambaye mkewe alikuwa katika uchungu bila mtu wa kumsaidia. Khalifa alirudi nyumbani mbio, akamwomba mkewe, Ummu Kulthum binti Ali, amwendee mwanamke yule. Ummu Kulthum akachukua mahitaji ya uzazi, na Umar akabeba unga na mafuta mgongoni mwake. Mke akaingia ndani kumhudumia mzazi, na kiongozi wa Waumini akabaki nje akipika. Tuzingatie jambo hili. Hakusema kuwa uzazi ni shughuli ya wanawake. Hakuona kuwa dua peke yake yatosha, hali ya kuwa dua ya mtu kama yeye si ya kudharauliwa. Alimleta mtu anayefaa, akaleta vifaa, na akaubeba mzigo yeye mwenyewe.

Mkunga tunayemkusudia hapa ni yule aliyesomea ukunga na kusajiliwa. Bibi zetu wakunga wa jadi wana heshima yao, na faraja ya mkono wao kwa mzazi haina badali. Lakini kazi inayowafaa leo ni kumsindikiza mzazi na kumtuliza, si kumzalisha peke yao.

Huko Uingereza, ambako sheria inaruhusu kuzalia nyumbani na wakunga wana usafiri na simu, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia zaidi ya wanawake 64,000 wenye mimba zisizo na hatari inayojulikana. Kwa waliokwisha kuzaa kabla, uzazi wa nyumbani uliopangwa haukuonekana kumzidishia mtoto hatari. Kwa wenye mimba ya kwanza, matatizo makubwa ya mtoto yalikuwa 9.3 kwa kila uzazi 1,000 uliopangiwa nyumbani, na 5.3 kwa uliopangiwa hospitali kubwa. Tena, kati ya kila wanawake 100 wa mimba ya kwanza waliopanga kuzalia nyumbani, 45 walihamishiwa hospitali, wengi wao wakiwa katikati ya uchungu. Ikiwa hali ni hiyo kwa wenye gari la wagonjwa, basi mpango wa uzazi wa nyumbani usio na mpango wa safari si mpango.

Maandalizi yenyewe ni haya.

Kwanza, ni kujua nani asizalie nyumbani kabisa. Mwenye mimba ya kwanza, aliyewahi kupasuliwa, mwenye pacha, ambaye mtoto wake ametanguliza matako au amekaa kimshazari, mwenye presha ya juu au upungufu wa damu, aliyewahi kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, na aliyekwisha kuzaa mara nyingi: wote hawa mahali pao ni hospitali. Haya yanajulikana kliniki, na ndiyo maana mahudhurio ya kliniki si jambo la hiari. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mjamzito aonwe na mtaalamu mara nane.

Pili, mkunga aonwe mapema, aijue nyumba kabla ya usiku wenyewe, na aisome kadi ya kliniki. Aulizwe bila haya: una kipimo cha presha? Una kifaa cha kumsaidia mtoto asiyepumua? Una dawa ya kuzuia damu baada ya uzazi, na sindano ya oksitosini umeihifadhi katika baridi? Sindano hiyo ikikaa katika joto hupoteza nguvu, ikabaki jina. Nyumba nayo iandae chumba safi, taa ya uhakika, maji yaliyochemshwa, sabuni, mpira wa kutandika, vitambaa safi vilivyokauka juani, wembe mpya ambao haujafunguliwa, na vibanio au uzi safi wa kufungia kitovu.

Tatu, chombo na dereva. Ijulikane ni gari, bajaji au boti ya nani, na mwenyewe awe amekubali kuamshwa saa nane za usiku. Nauli iwekwe kando tangu miezi ya mwanzo. Kituo cha rufaa kijulikane, na njia yake ijulikane wakati wa mvua.

Nne, damu. Watafutwe watu wawili au watatu ambao wamekwisha kupimwa na wako tayari kuchangia.

Tano, na hapa ndipo wengi tunapoanguka, ni ruhusa. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kuwa mama mzazi huuawa na ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huo wa tatu ni wa hospitali, nasi tuna haki ya kuidai. Lakini wa kwanza umo ndani ya nyumba zetu. Mume yuko safarini, simu haipatikani, mama mkwe anasema tungoje kidogo, mjomba anasema asiondoke mpaka mwenyewe aje. Mwanamke anayetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Sheria gani ya Kiislamu inamtaka angoje?

Tunamwambia kila mume: toa ruhusa yako leo, mbele ya mashahidi, ukiwa na utulivu. Mwambie mkeo, mama yako na mkunga kwamba mkunga akisema twende, waende, uwepo usiwepo. Na mkunga atasema twende ikiwa damu ni nyingi, ikiwa mzazi ana kifafa, kichwa kikali au macho yenye ukungu, ikiwa ana homa, ikiwa uchungu umerefuka bila mtoto kushuka, ikiwa kitovu kimetangulia, au ikiwa kondo la nyuma halijatoka baada ya nusu saa. Hapo hakuna mjadala.

Kuna pia mambo yanayofanywa kwa jina la dini na dini imeyakana. Mzazi aliyekwama huvishwa hirizi kiunoni, na saa zinapita. Wengine humnywesha mizizi ya kuongeza uchungu, hali ya kuwa uchungu wa kulazimishwa unaweza kupasua mfuko wa uzazi. Na lililo baya kuliko yote, katika baadhi ya sehemu mwanamke aliyekwama huambiwa amtaje mwanamume aliyezini naye, eti ndipo mtoto atoke. Mtoto hakwamishwi na zinaa. Hukwama kwa sababu nyonga ni nyembamba au amekaa vibaya. Kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi tendo la zinaa ni katika madhambi makubwa yanayoangamiza. Basi vipi kwa mtu aliye kati ya uhai na mauti?

Ama sitara, kumtafuta mkunga wa kike ni jambo jema linalotakiwa. Lakini akikosekana, wanazuoni wamebainisha kuwa dharura inaruhusu tabibu wa kiume kumhudumia mwanamke kwa kadiri ya haja. Kuhifadhi uhai ni miongoni mwa makusudio makuu ya Sharia.

Mtoto akizaliwa, afutwe akauke, awekwe kifuani mwa mama yake ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na asiogeshwe mpaka siku moja ipite. Baba anayetaka kumwadhinia hana haja ya kumwondoa kifuani hapo. Ainame, aadhini kwa sauti ya upole, na joto la mama lisikatizwe.

Wapo watakaotukumbusha kuwa mwanamke anayekufa kwa uzazi ametajwa na Mtume (S.A.W.) miongoni mwa mashahidi. Hilo ni kweli, na ni faraja kubwa kwa waliofiwa. Lakini daraja la shahidi ni malipo yake yeye. Si hati ya kumsamehe aliyezembea. Na tawakkul ilifundishwa kwa yule aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa kamati za misikiti. Msikiti uliochanga kununua vipaza sauti unaweza kuchanga akiba ya nauli za wazazi. Orodha ya madereva na vyombo vyao inaweza kubandikwa ubaoni karibu na ratiba ya swala. Vijana wapange siku ya kuchangia damu. Mkunga mwanamke aalikwe kuzungumza na akina mama, na imamu alizungumze jambo hili katika khutba ya Ijumaa ili akina baba walisikie. Sanda huwa tayari katika misikiti yetu mwaka mzima. Si jambo gumu kuwa na nauli ya mzazi kando yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awasalimishe wazazi wetu wote na watoto wao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaofunga ngamia kisha wakamtegemea Yeye. Wabillahi tawfiq.