Wilaya si Ukoo

Wapo wenzetu, hata miongoni mwetu walimu, washikiliao kwamba dawa ya ugomvi wa Tororo ni kuikata wilaya: Jopadhola wapewe yao, Wateso wapewe yao, kila mtu alale kwake. Mimi ni mkazi wa Mwello, nami nasema dawa hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe.

Tuanze na neno, maana ndiyo kazi yetu. Wilaya tumeipokea kutoka Kiarabu, nayo ni ndugu wa liwali. Liwali wa pwani aliteuliwa na Sultani ausimamie mji. Haikuwa lazima awe wa ukoo wa wenyeji. Basi tangu asili neno hili ni la usimamizi, si la damu. Sisi tumeligeuza likawa jina la boma la kabila.

Mwaka 1902 Waingereza waliumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda, pamoja na Kisumu na Naivasha, wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Hatimaye Wasamia wakajikuta pande mbili za mto Sio, na Wateso pande mbili za mto Malaba. Tuliponung'unika kwamba mkoloni aliwatenga ndugu, tulisema kweli. Mbona leo kalamu ileile tunaiomba kwa magoti?

Tororo imekwisha kumegwa mara tatu: Pallisa mwaka 1991, Busia 1997, Butaleja 2005. Je, mgawo uliishia hapo? La hasha! Pallisa yenyewe imezaa Budaka, Kibuku na Butebo. Kila wilaya izaliwapo, waliokuwa wachache hupata pao, na papo hapo huonekana wachache wengine ndani yake, nao huanza kuandika barua. Mwaka 1986 Uganda ilikuwa na wilaya 33. Kufikia mwaka 2020 zilikuwa 135, bila kuhesabu Kampala. Kila moja yataka mwenyekiti, baraza, magari na ofisi kabla haijanunuliwa chaki. Tena mwaka 2005, uleule wa Butaleja, kodi ya kichwa iliondolewa, wilaya changa zikabaki kungojea fungu kutoka Kampala. Huko ni kuhamia nyumba mpya bila chungu wala kuni.

Watasema serikali yafaa iwe karibu na watu. Ni kweli, mama hapaswi kupoteza siku nzima njiani kwa ajili ya karatasi moja. Lakini dawa ya hilo ni kuipa gombolola fedha na makarani, si kumchorea mama mpaka mpya.

Ng'ambo ya pili, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliziunganisha wilaya za Busia na Teso katika Kaunti ya Busia, iliyoanza kazi mwaka 2013. Sidai kwamba wanapendana, manung'uniko yapo. Walakini bajeti hujadiliwa katika bunge moja, na Mteso hana budi kumshawishi Msamia.

Limebaki jambo moja ambalo wapenda mgawo hulikwepa: mji wa Tororo wenyewe, na soko lake, na hospitali yake, na kiwanda chake cha saruji. Kila upande waudai. Humo wamo pia Wanyole, Wasamia na Wagisu, ambao hawatajwi kabisa katika madai hayo. Mwenye jibu la mji huo na alilete, tulisome katika toleo lijalo.