Siku tatu za kufunga, saa 72 za hospitali: mchungaji wa mashariki asome nini?

Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, akijua kwamba mwisho wake umekaribia, alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, pamoja na vitabu vyake (2 Timotheo 4:13). Mtu aliyebakiwa na siku chache bado alitaka kusoma. Tumelikumbuka andiko hilo mara nyingi tangu mwanzo wa mwaka 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Benki zilifungwa, kambi za wakimbizi wa vita kandokando ya Goma zikavunjwa, na watu wakarudi katika vijiji vilivyoharibika au wakabanana katika nyumba za ndugu. Huko Ituri na upande wa Beni na Lubero, mauaji ya ADF hayakusimama. Mwezi wa Julai mwaka huo, makumi ya waamini Wakatoliki waliuawa kanisani kule Komanda, wakiwa katika maombi ya usiku.

Katika taabu hii yote, mlango ambao watu wetu wanaubisha kwanza ni wa mchungaji. Yeye si daktari wala mwanasheria, lakini yuko karibu, anasema lugha yao, na haombi franga. Mjane anakuja, kijana aliyetoroka porini anakuja, mama aliyetendewa mabaya njiani kwenda shamba anakuja na kikwembe kimefunika uso. Mara nyingi hawaji kwa mchungaji peke yake. Wanaenda kwa Mama Mchungaji, kwa shemasi, kwa kiongozi wa wamama. Hao wote ni washauri, hata kama hakuna aliyewapa jina hilo.

Ndiyo maana tunaulizwa mara kwa mara: tusome nini? Orodha za vitabu hazikosi. Zinapita katika simu zetu, nyingi zimetoka Marekani, na vingi kati ya vitabu hivyo ni vizuri. Lakini swali letu kwa kila orodha ni hili: kitabu hiki kinajibu maumivu ya nani? Kwa maoni yetu, mchungaji wa mashariki anahitaji kwanza vitabu vinavyomfundisha kusikiliza na kuomboleza, na baada ya hivyo, vitabu vya kumpa majibu. Tena anahitaji kujua mahali ambapo kitabu kinaishia na hospitali inaanzia.

Ushauri unaoweza kuua

Tuchukue mfano mmoja. Mama amebakwa Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi anapata ujasiri wa kumwambia mchungaji wake. Mchungaji anampenda, anahuzunika kweli, na anampa neno analolijua: tufunge siku tatu, tumlilie Mungu, na usimwambie mtu mwingine, ili jina lako lisichafuke. Siku ya nne wanamaliza kufunga, na mama huyo anahisi amani kidogo.

Lakini dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi baada ya kubakwa inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Saa 72 ni siku tatu. Mchungaji mwema, kwa maombi mema, amefunga mlango ambao Mungu alikuwa ameuacha wazi. Hakukosa imani wala upendo. Kilichokosekana ni maarifa ambayo yangekaa katika ukurasa mmoja.

Hatusemi kwamba kufunga ni kubaya. Tunasema twende hospitali kwanza, tukiomba njiani. Eliya alipochoka hadi akatamani kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Neno la Mungu lilimjia baadaye, kule Horebu (1 Wafalme 19). Huo ndio utaratibu wa Mungu mwenyewe kwa mtu aliyevunjika: mwili unatunzwa, kisha moyo unasemeshwa.

Kitabu chema kilichoandikwa kwa ajili ya shida nyingine

Orodha nyingi za ushauri wa Kibiblia zinaanza na Jay Adams, aliyefundisha katika seminari ya Westminster huko Philadelphia. Kitabu chake «Competent to Counsel» cha mwaka 1970 kilitikisa makanisa mengi. Adams aliona wachungaji wa Marekani wamekuwa kama wapokezi tu: kila kondoo mwenye shida anatumwa kwa mtaalamu wa akili, na Biblia inabaki ya Jumapili. Akasema mchungaji mwenye Neno na Roho anaweza kushauri, kuonya, na kumwita mtu atubu. Lilikuwa jambo la lazima kusemwa.

Lakini tuangalie tulipo. Kwetu madaktari wa akili ni wachache mno. Mtu wa Goma anaijua Tulizo Letu, mtu wa Bukavu anaijua SOSAME, na nje ya miji hiyo unaweza kusafiri siku nyingi usimpate hata mmoja. Shida ya Adams ilikuwa wachungaji wanaotuma watu kwa daktari haraka mno. Shida yetu ni wachungaji wasiotuma kabisa. Adams mwenyewe alikubali kwamba ugonjwa wa mwili unahitaji daktari, lakini msomaji wa haraka analiruka jambo hilo na kubaki na onyo juu ya dhambi. Akikutana na mwanamke aliyebakwa, au na mtoto aliyeona baba yake akikatwa kwa panga, anaanza kutafuta dhambi ya kutubiwa. Hapo anaingia katika kosa la rafiki za Ayubu. Hao walifanya vema walipoketi naye chini siku saba bila kusema neno (Ayubu 2:13), wakaharibu walipofungua kinywa.

Basi asomwe Adams, lakini asiwe wa kwanza.

Rafu fupi tunayoipendekeza

Biblia ndiyo ya kwanza, na tunasema hivyo si kwa desturi tu. Ndani yake tuna shule nzima ya maombolezo ambayo mahubiri yetu huiruka: kitabu cha Ayubu, Maombolezo, na zaburi za kilio ambazo ni zaidi ya thuluthi ya Zaburi zote. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina hata mstari wa shangwe mwishoni. Mungu aliruhusu iandikwe hivyo. Mshauri aliyeikubali zaburi hiyo hataharakisha kumwambia mjane anyamaze.

Cha pili ni kile kinachojulikana kwa Kifaransa kama «Guérir les traumatismes», juu ya majeraha ya moyo na namna kanisa linavyoweza kusaidia. Waandishi wake ni Margaret Hill, Harriet Hill, Richard Baggé na Pat Miersma, na kilitolewa Nairobi mwaka 2004. Kilizaliwa hapa Afrika, kutokana na kazi na wachungaji wa nchi zenye vita, na kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Kila somo linaanza na hadithi, kisha maswali ya kikundi, kisha Maandiko. Kinamfundisha mshauri kuuliza mambo machache tu: nini kilitokea, moyo wako ulihisi nini, na lipi lilikuwa zito kuliko yote. Halafu anyamaze asikie.

Utaratibu wa masomo yake una fundisho kwa wakati huu. Somo la kusamehe halipo mwanzoni. Linakuja baada ya kulia, baada ya kuomboleza wafu, na baada ya kuleta maumivu msalabani. Tangu Januari 2025 viongozi wa ECC pamoja na maaskofu wa CENCO wanabeba mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani na kuishi pamoja vizuri, hapa Congo na katika Maziwa Makuu. Tunawaombea na tunaunga mkono. Lakini wito huo unapofika parokiani, unaweza kugeuka kuwa mzigo wa yule aliyeumizwa: samehe leo, kesho tusonge mbele. Msamaha ni amri ya Bwana, wala hatuupunguzi. Tunachosema ni kwamba kidonda kinaoshwa kabla ya kufungwa. Kikifungwa na uchafu ndani, kitaoza chini ya kitambaa, na vita ijayo itakikuta hapo.

Cha tatu ni ufafanuzi wa Biblia nzima katika buku moja, ulioandikwa na wasomi 70 wa Afrika chini ya uongozi wa Tokunboh Adeyemo. Ulitoka kwa Kiingereza mwaka 2006, kisha kwa Kifaransa kwa jina «Commentaire biblique contemporain». Kwa mchungaji asiye na nafasi ya vitabu ishirini, hiki kimoja kinasaidia kuandaa mahubiri, tena kina makala juu ya mambo yanayotugusa Waafrika.

Cha nne ni kazi za ndugu yetu wa Ituri, Bungishabaku Katho, aliyeongoza Chuo Kikuu Shalom cha Bunia. Ameandika juu ya Yeremia na Maombolezo akiwa mtu aliyeishi katika nchi yenye vita. Yeremia alilia juu ya mji wake, akawakemea waliotangaza amani wakati amani haipo, na bado akanunua shamba nchi ilipokuwa imezingirwa (Yeremia 32). Yeye ni mwalimu wa wachungaji wanaoulizwa kila wiki: tubaki au tukimbie?

Cha tano ni «La force des femmes» cha daktari Denis Mukwege, cha mwaka 2021. Mukwege ni mwana wa mchungaji, na hospitali yake ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999, ni ya jumuiya yetu ya 8e CEPAC. Wengi wetu tulishangilia tuzo yake ya Nobel ya mwaka 2018, lakini si wengi waliosoma anachosema. Anaonyesha kwamba mwanamke aliyebakwa anahitaji mambo manne kwa pamoja: matibabu ya mwili, uponyaji wa moyo, haki mbele ya sheria, na njia ya kujitegemea tena. Kanisa linaweza kushika sehemu ya kila moja, hasa kuondoa aibu kwa aliyeumizwa na kuirudisha kwa aliyeumiza.

Cha sita ni kidogo kwa kurasa: «De la vie communautaire» cha Dietrich Bonhoeffer. Alikuwa akifundisha wachungaji vijana huko Finkenwalde hadi polisi wa Hitler walipoifunga seminari mwaka 1937. Mwaka uliofuata aliandika juu ya maisha waliyoishi pamoja, na kitabu kikatoka mwaka 1939. Anafundisha kwamba utumishi wa kwanza tunaodaiwa na ndugu ni kumsikiliza, na kwamba asiyeweza kumsikiliza ndugu yake, mwishowe hatamsikia Mungu pia. Mwandishi huyo alinyongwa mwaka 1945. Alijua ni nini kuchunga chini ya wenye silaha.

Lugha na bei

Tunajua jibu litakalotufikia: vitabu hivi viko kwa Kifaransa au Kiingereza, na mchungaji ana watoto wa kusomesha. Ni kweli. Tunahubiri kwa Kiswahili, tulisomea kwa Kifaransa, na mfuko ni mtupu. Kwa hiyo tusitafute kila mtu awe na rafu yake. Parokia tano zinaweza kununua kitabu kimoja. Katika mkutano wa wachungaji wa kila mwezi, anayejua Kifaransa vizuri asome sura moja na kuisimulia kwa Kiswahili, kisha wote waijadili, pamoja na wamama wanaoshauri. Kwa mwaka mmoja, kitabu cha sura kumi na mbili kimeingia katika vichwa vya watu ishirini. Hiyo ni bora kuliko vitabu mia moja vilivyolala ndani ya simu.

Jambo lingine: kinachosikiwa katika ushauri hakitoki nje, hakiwi mfano wa mahubiri ya Jumapili, hata bila jina. Kijijini watu wanajua ni nani.

Kitabu kinapoishia

Mwisho, kila mshauri aandike ukurasa wake mwenyewe na kuubandika nyuma ya jalada la Biblia: kituo cha afya kilicho karibu chenye dawa ya saa 72, nambari ya muuguzi mkuu, jina la mama wa kanisa atakayemsindikiza mgonjwa, na pikipiki inayoaminika. Tuna hospitali zilizozaliwa na imani yetu: Panzi huko Bukavu, HEAL Africa na CBCA Ndosho huko Goma, Nyankunde huko Ituri. Lakini baada ya Marekani kukata misaada mwaka 2025, dawa hizo zilipungua katika vituo kadhaa. Usingoje siku ya msiba ndipo uulize. Uliza wiki hii kama zipo, na kama hazipo, uliza ni wapi zinapatikana.

Na wewe mchungaji, ambaye nawe umekimbia, umezika, na usiku husikia milio ya risasi hata kukiwa kimya: tafuta mtu mmoja wa kukusikiliza. Paulo hakuomba vitabu tu. Aliomba joho, maana baridi ilikuwa inakuja, na alimwomba Timotheo afanye bidii aje kwake kabla ya msimu huo.

Bwana wa amani awalinde, ninyi na kundi lake.