SAA MBILI ZA MAMA ANYONYESHAYE

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, yamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshaye kumnyonyesha mtoto wake wakati wa kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Twauliza: ni akina mama wangapi viwandani na maofisini wanaozipata saa hizo?

Tufanye hesabu. Likizo ya uzazi ni siku 84, yaani majuma 12. Na mama aliyeianza kabla ya kujifungua hubakiwa na siku chache zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo lashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, mpaka atimize miezi sita. Basi mama hurudi kazini mtoto akiwa hajafika nusu ya safari hiyo.

Lakini saa mbili zamfaa nini mama afanyaye kazi kiwandani Ubungo, na mtoto wake yuko Mbagala? Zote zaishia ndani ya daladala. Ndipo kopo la maziwa ya unga linapoingia nyumbani, si kwa mapenzi ya mama bali kwa kukosa njia. Kopo ni ghali; vijiko hupunguzwa ili lifike mwisho wa mwezi; maji hayachemshwi vema; mtoto huharisha, na uzito katika kadi yake ya kliniki hukaa palepale. Mtoto mwenye afya hufikisha uzito maradufu ya ule wa kuzaliwa apatapo kama miezi mitano.

Hatusemi kwamba kopo ni sumu. Wako yatima, na wako watoto ambao mama zao hawawezi kunyonyesha. Hao walihitaji, na walezi wao wafundishwe kipimo sawasawa. Wala hatumlaumu mama. Wako wakubwa wasemao kuwa wanawake wa siku hizi ni wavivu wa kunyonyesha. Na wajaribu wao kukamua maziwa chooni huku mlango unagongwa!

Tutakalo ni chumba kimoja chenye kufungika, kiti, maji safi na jokofu dogo. Na penye wafanyakazi wengi, mahali pa kulelea watoto karibu na lango. Viongozi wa matawi ya wafanyakazi walitie jambo hili katika mikataba ya hali bora. Mwajiri akilalamika kuwa kazi itapungua, wamwekee mezani hesabu ya siku ambazo mama hakuja kazini kwa kuwa alikuwa hospitali na mtoto anayeharisha.