MWEUSI ASINGOJE KUCHAPWA

Najua wengi wenu mmefungua ukurasa huu mkitarajia shairi au insha ya methali, na sasa mnakutana na sataranji. Msinune. Neno lenyewe limo katika kamusi zetu. Mchezo ulizaliwa Bara Hindi, ukapita Uajemi, Waarabu wakaupokea, na jina letu limetokana na lao. Mchezo wenye jina la Kiswahili, Chama cha Kiswahili kina haki ya kuujadili, au sivyo?

Jambo langu ni hili. Katika sataranji mwenye kete nyeupe ndiye huanza, na kuanza kuna faida. Ukitazama rekodi za michezo ya mabingwa, katika kila pointi 100 Mweupe huzoa kama 54 au 55. Si pengo la kumtia mtu homa. Lakini waangalie wachezaji wetu wa hapa Miritini kura inapopigwa! Aliyepata nyeupe anatabasamu. Aliyepata nyeusi uso unamshuka kama aliyeambiwa karo haijafika. Anaketi, anasukuma askari wake hatua moja moja, anajifungia nyuma kama mtu aliyesikia wezi uani, halafu anangoja. Anangoja nini? Kuchapwa. Na anachapwa kweli.

Nimewahi kumsikia mlezi mmoja wa timu akiwaambia vijana wake, "Mkiwa weusi tafuteni sare tu, inatosha." Kwa heshima zote, mimi sikubaliani naye. Baadhi ya shule tunazokutana nazo mezani zina wakufunzi wa kulipwa na kompyuta za kufanyia mazoezi. Mtoto wa huko ameonyeshwa mara mia jinsi ya kumsaga polepole mtu aliyejikunyata. Sisi tuna mbao nne, na moja malkia wake ni kifuniko cha soda. Ukicheza mchezo wa kungoja, unaingia kwenye darasa ambalo mwenzako amekwisha kulisoma nawe hata daftari hujanunua.

Kuna dada mmoja wa Kidato cha Pili, jina simtaji, alicheza nyeusi mara tatu katika mashindano ya muhula uliopita, na mara zote tatu akafungwa akiwa amekaa ndani ya boma lake. Tuliporudi, gari likipita pale karibu na stesheni ya SGR na matrela yamejipanga barabarani kama kawaida, akaniambia, "Kaka, mimi naacha. Huu mchezo ni wa watoto wa Nyali, si wa sisi wa huku kwenye matrela." Maneno hayo yalinichoma. Binti huyo ana akili ya hesabu kuliko mimi. Kinachomfunga si akili ya mpinzani, ni ule ufunguzi wa woga tuliomrithisha.

Kwa hivyo natoa pendekezo: kila mchezaji wetu ajifunze ufunguzi mmoja wa Mweusi wenye moto ndani yake, na mimi nachagua Gambiti ya Benko. Gambiti ni kutoa kete kusudi, mwanzoni kabisa, ili upate kitu kingine.

Inakwenda hivi. Mweupe anapiga d4, Mweusi anatoa farasi f6. Mweupe c4, Mweusi c5. Hapo Mweupe akisonga d5 (na wengi husonga, maana wanaona wamejipatia nafasi katikati), Mweusi anatia askari b5. Anamwambia, haya, mle! Akimla, Mweusi anaongeza a6: mle na huyu tena. Mweupe akila hapo a6, askofu mweusi anamlipiza, na sasa tukihesabu Mweupe ana askari mmoja zaidi.

"Wazimu huo," aliniambia mwenzangu wa dawati. "Umetoa askari bure." Hebu tulia, tazama ubao. Mweusi hana tena askari katika safu ya a wala ya b. Ngome zake mbili zikisimama a8 na b8 zinatazama moja kwa moja hadi kwa askari wa Mweupe walio a2 na b2. Askari wa g akipiga hatua moja, askofu wa pili anakaa g7, na mshazari wake unapita katikati yote ya ubao kuishia kule kule b2. Ngome mbili na askofu, wote macho yao yako pembe moja. Tena Mweupe akisukuma e4 kwa pupa, maaskofu wanalana pale f1, mfalme wake mwenyewe analazimika kumla askofu wetu, na haki ya kujificha nyuma ya ngome imekwenda. Itambidi atembee kwa miguu hadi g2. Askari mmoja amenunua vyote hivyo.

Jambo linalonipendeza zaidi ni kwamba gambiti nyingi moto wake huzimika malkia wakishalana. Ya Benko haizimiki. Hata malkia wote wawili wakitoka, zile safu bado ziko wazi, na Mweupe bado anawalinda wale askari wawili jasho likimtoka. Kwa mtoto asiyekuwa na vitabu hii ni neema, kwani mpango ni ule ule kila siku. Linganisha na Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme, ambao nao ni wa moto sana. Ule una njia ambazo watu hukariri hatua 20 na zaidi, na Kasparov mwenyewe aliuweka kando baada ya kuchapwa na Kramnik mwaka 1997. Sisi wa mbao nne tutaukariri lini?

Hata wazee wetu wa bao wanaijua siri hii. Nenda ukae karibu na wachezaji wa bao la kete jioni moja. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi. Mgeni wa mchezo anaikumbatia ile nyumba, haitoi ng'o, mpaka mwenzake anaila nzima nzima. Babu mmoja jirani yetu nilipomwamkia na kumwuliza mbona yeye anaipeleka nyumba yake safari mapema namna ile, alicheka akasema, "Mwanangu, kete ikilala haifanyi kazi." Nikaenda nyumbani nikiiwaza b5.

Huyo Pal Benko mwenyewe ni mtu wa kusomwa. Alikuwa Mhangari aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1928. Alijaribu kuikimbia serikali ya nchi yake, akakamatwa na kutiwa kambini. Mwaka 1957 akafaulu kutoroka alipokuwa kwenye mashindano huko Iceland, akahamia Marekani. Warusi hii gambiti huiita kwa jina la mto wao Volga, lakini Benko ndiye aliyeicheza hadi ikaogopwa, na mwaka 1974 akaitolea kitabu. Na kumbe kutoa hakukuishia ubaoni. Mwaka 1970 aliiacha nafasi yake katika mashindano ya kuelekea ubingwa wa dunia ili aingie Bobby Fischer, ambaye hakuwa amefuzu. Fischer akayashinda mashindano hayo, na mwaka 1972 akawa bingwa wa dunia. Benko alifariki mwaka 2019.

Sitawaficha ubaya wake. Kompyuta za leo zinasema Mweupe akicheza sawasawa ana nafuu, na mabingwa wa juu kabisa hawaichezi mara nyingi. Sawa, lakini sisi hatuketi na kompyuta, tunaketi na kijana mwenzetu ambaye saa inamlia sikioni. Pili, mpinzani anaweza kukataa kula, au asicheze c4 kabisa, amtoe askofu f4 kama vijana wengi wanavyopenda siku hizi. Hata hapo c5 ni jibu zuri. Na akianza na e4, c5 tena, ule Ulinzi wa Kisisilia unaojulikana dunia nzima. Kwa hiyo huyu askari wa c ndiye wa kufanya naye urafiki kwanza.

Na wale wanaosema mtoto wa mtaani hawezi, wamwulize Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Alijifunza kwa Robert Katende, mahali ambapo watoto walivutwa kwanza na uji. Mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji kule Urusi, na mwaka 2016 filamu ya maisha yake ikaonyeshwa duniani. Katwe na huku kwetu, tofauti iko wapi? Matope ni yale yale.

Naomba basi uongozi wa chama utupe Alhamisi moja katika kila wiki mbili. Maelezo ya hatua nimeanza kuyaandika kwa Kiswahili, kwa sababu vitabu vyote nilivyoviona ni vya Kiingereza. Yule dada wa Kidato cha Pili nimempa kurasa tatu za kwanza. Amezirudisha juzi na alama za kalamu nyekundu, akisema kwamba baada ya a6 Mweupe halazimiki kula, anaweza kusonga b6, na mimi sikuandika lolote kuhusu hilo. Tutaliangalia Alhamisi. Mbao ziko kabatini, ufunguo anao katibu. Ajaye aje na malkia mweusi wa ziada kama anaye kwao.