Mzalendo ni nani hasa?

Ndugu zangu, kila sikukuu ya uhuru hapa London tunasomewa mashairi ya kusifu bendera na viongozi, tunapiga makofi, kisha pilau. Sina ugomvi na pilau. Ila nauliza: Abdilatif Abdalla tunamweka wapi? Mwaka 1968 aliandika waraka "Kenya: Twendapi?", akafungwa miaka 3. Gerezani alitunga mashairi, akayaandika kwa siri kwenye karatasi za choo. Ndiyo yaliyotoka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga! Watoto wetu wanaozaliwa huku wasomewe hayo kwanza, ya bendera yasubiri.