Hakumdhuru Nani?

Kisa cha D. B. Cooper hakisimuliwi kikaisha bila mtu kutia neno: lakini hakumdhuru mtu. Wanamwita mwizi mstaarabu, mwenye suti na tai, aliyewapiga chenga wakubwa na kutokomea gizani kwa parachuti na dola 200,000. Huo ni uongo, na umedumu kwa sababu waliokuwa naye ndani ya ndege hawaulizwi.

Ilikuwa Novemba 24, 1971, Boeing 727 ya Northwest Orient ikitoka Portland kwenda Seattle. Abiria aliyekata tiketi kwa jina la Dan Cooper alimpa mhudumu kikaratasi. Binti wa watu akadhani ni mwanamume mwingine anamtongoza, akakiweka bila kukisoma. Akaambiwa akisome: kuna bomu. Mkoba ukafunuliwa kidogo, akaona nyaya na vitu vyekundu mfano wa baruti.

Aliyeketi naye baadaye ni mhudumu mwenzake, Tina Mucklow, umri wake miaka 22. Ndege ilizunguka angani kwa muda wa yapata saa mbili huku pesa alizodai Cooper zikitafutwa, naye Tina akimwashia sigara. Seattle, abiria 36 waliachiwa. Aliyeshuka kuufuata mfuko wa pesa na kurudi nao ndani ni Tina huyo huyo, na yeye hakuachiwa. Na zile parachuti nne alizodai pamoja na pesa? Zilikuwa kuu mbili na za akiba mbili, yaani za watu wawili. Ujumbe ulieleweka: mkinichezea, naruka na mmoja wenu. Huo ndio ustaarabu anaosifiwa!

FBI walimsaka miaka 45, wakaiweka kesi kando mwaka 2016. Pesa pekee zilizopatikana ni dola 5,800, alizofukua mtoto wa miaka 8 kwenye mchanga wa mto Columbia mwaka 1980. Watu wanaona kutokamatwa kwake ni ushujaa. Sioni ushujaa wowote hapo. Nawaona waigaji waliomfuata mwaka 1972, kama Richard McCoy aliyeteka ndege na kuruka na dola 500,000, na kila mmoja wao aliweka rehani roho za watu wasiomjua. Hata hivyo, huko Ariel, jimbo la Washington, watu walimfanyia sherehe Cooper Novemba baada ya Novemba.

Waliobaki ndani hawakuwa na sherehe. Ndege ilipopaa tena usiku ule, Tina aliamriwa aende mbele kwa marubani. Mara ya mwisho kumwona Cooper, alikuwa anajifunga kitu kiunoni. Watu wanne wakajifungia kwenye chumba cha marubani, mvua ikinyesha, wasijue kama bomu bado lipo nyuma yao. Wakatua Reno ngazi ya nyuma ikiburuzika kwenye lami, na bado hawakujua kama yumo au hayumo.